Tete la Urefu wa Muhidin

Mwaka ule wa mahindi ya njano, mvua ilipoinyima nchi hata tone la kulaza vumbi, watu waliacha mashamba wakaingia kwenye matete. Mdomo wa mto Sabaki ulikuwa umejaa matete, na mahoteli ya Malindi yalikuwa yakiyanunua kwa mizigo, yakijengea dari na nyua za kuwasitiri wageni wanaoota jua. Wakataji walifurahi. Wavuvi wa Mambrui, waliokuwa wakitega malema yao katikati ya mashina hayo hayo, hawakufurahi hata kidogo. Samaki wachanga hukaa penye matete, na tete likikatwa samaki mchanga hana pa kuhamia, huliwa.

Ofisi ya maji ikamtuma Jedida akapime.

Jedida alikuwa mtu wa bara, mwenye diploma yake, miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni, mume wake Laban na binti yao Easter, na mji mzima ulimwita Mama Easter. Hakuwa na maneno ya mapambo. Kazi yake ilikuwa kuchagua vipande vya kinamasi, vingine vilivyokatwa na vingine visivyoguswa, kisha kupima umbo la matete yenyewe: urefu wa bua, unene wake pale chini, pingili zake, upana wa majani. Tete linalokatwakatwa huchipua jembamba na fupi, pingili zimekaribiana, kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Vipimo vikionyesha hivyo, ukataji ungepigwa marufuku. Visipoonyesha, wavuvi wangefunga midomo. Kwa hiyo pande zote mbili ziliitazama tepu ya Jedida kama mbuzi anavyokitazama kisu.

"Sitaki kuambiwa nimependelea," alisema siku alipoanza. "Kila upande unipe mtu mmoja. Awe jicho lao."

Wavuvi wakampa Muhidin, Mbajuni mrefu mwenye mzaha, ambaye usiku alikuwa baharini na mchana akisinzia hata akiwa amesimama. Wakataji wakampa Mwambire, Mgiriama mfupi, mkavu, mwenye panga lililonolewa mpaka likawa jembamba kama jani.

Kuwaweka wawili hao pamoja hakukuwa jambo dogo. Jaafar, kaka yake Muhidin, alikuwa amekuta malema yake yamepasuliwa. Hakuuliza nani. Alikwenda akayatia moto mafungu ya Mwambire yaliyoanikwa kando ya barabara, akasimama pale pale kuyatazama yakiteketea. Naye Mwambire, mbele ya watu, akatamka neno ambalo mwenye akili hulimeza: "Iko siku nitamlaza mmoja wa nyumba ile." Neno hilo lilimwingia Jaafar likakaa. Alikuwa amemzika baba yao, Mzee Mahdi, kabla ya Ramadhani, na mwenye msiba mbichi hasahau maneno.

Muhidin yeye hakuweka kinyongo. Siku ya kwanza tu alianza.

"Mwambire, ukiingia kwenye matete tukutafute kwa mluzi?"

"Afadhali mimi. Wewe kichwa kinawahi mvua, akili imebaki chini inanawa miguu."

"Mama Easter, tupime bwana! Tupime tujue nani mtu na nani kisiki."

Jedida akawasimamisha mlangoni mwa pikapu ya ofisi, mmoja baada ya mwingine. "Muhidin, mita moja na sentimita tisini kamili. Hakuna nywele imezidi."

"Na huyu kisiki?"

"Yangu usiisome, mama," Mwambire alisema, wakacheka wote watatu.

Basi wakafanya kazi. Ilikuwa lazima wangoje maji ya bamvua, yanapokupwa mpaka tope likaonekana, ndipo waingie na fremu ya mbao, waiangushe chini, wapime kila tete lililonaswa ndani. Majani yake yana makali; jioni wote walikuwa na mikwaruzo usoni kama waliopigana na paka. Visiki vya matete yaliyokatwa viliwachoma nyayo. Jedida alikanyaga kimoja kikampenya kiatu na kidole, akaking'oa, akaosha kidole kwa maji ya chumvi na kuendelea.

Siku ya mwisho ya bamvua, tepu ikapotea. Mwambire aliizungusha kwenye bua, mkondo ukaivuta, kichwa cha tepu kikamponyoka kikazama kwenye shimo la tope ambalo hata upondo wa kusukumia mtumbwi haukufika chini. Walipapasa mpaka mabegani. Hakuna.

Jedida alisimama na tope mashavuni akafikiri. Kurudi Malindi ni kupoteza maji. Bamvua nyingine hadi mwezi mwandamo, na barua ya ofisi ilitaka majibu kabla yake. Alikuwa na koleo la chuma la kupimia unene, lakini ulimi wa koleo ulikuwa mfupi kama kidole. Kuunganisha vipimo vidogo vidogo ni kuunganisha makosa. Akatazama ukingoni. Muhidin alikuwa amelala chali kwenye mchanga, amechoka kwa usiku wa bahari, miguu imenyooka, mikono ubavuni, amejifunika kikoi cheupe kutoka utosini hadi visiginoni kwa sababu ya nzi.

Mita moja na sentimita tisini kamili.

"Mwambire, nikatie tete refu lililonyooka."

Mwambire akakata, akaliambua majani. Jedida akachutama akalilaza ubavuni mwa Muhidin, shina likiwa sawa na nyayo.

"Mama, tumwamshe kwanza."

"Ya nini? Akiamka atajinyoosha, atajikunyata, ataanza mzaha wake. Aliyelala hatikisiki."

Mwambire alikuna shingo kwa mpini wa panga. "Hawa jamaa wana mambo yao. Nimeona wakipima mtu hivi, lakini si mtu wa kuamka."

"Pwani kila kitu kina mambo yake. Usawa wa utosi, hapo. Kata."

Huko alikotoka Jedida, maiti hupimwa na seremala kwa futi yake, jeneza likatengenezwa. Hakujua kinachojulikana na kila aliyezaliwa Mambrui: mtu akifa, kabla wachimba kaburi hawajaanza, hutumwa wa nyumbani na ufito au tete, akalilaza ubavuni mwa maiti aliyefunikwa, akalikata kwa urefu wake, akalipeleka makaburini. Tete hilo huitwa chenezo. Hakatiwi mtu chenezo ila amekwisha kata roho. Na cha Mzee Mahdi alikikata Jaafar kwa mkono wake.

Ndiye aliyetokea sasa kwenye kona ya mkondo, amesimama katika mtumbwi wake, anakwenda kuyaangalia malema. Aliona yote kwa mara moja: nguo nyeupe, mtu chini yake hatikisiki, mwanamke amechutama na tete mkononi, na Mwambire amesimama juu yao akilishusha panga.

Anayetaka kutisha hupiga kelele. Jaafar hakutoa sauti. Jedida alisikia maji tu yakichapwa, akainua kichwa, na kabla hajajua ni nani, upondo ulikuwa umeshatua shingoni mwa Mwambire kwa kishindo cha nazi kuanguka kwenye saruji. Mwambire alipiga magoti. Panga likamtoka. Jaafar akaliokota.

"Jaafar!" Jedida alipaza sauti. "Una wazimu?"

Jaafar akalishusha. Mwambire aliinua mkono wa kulia kujikinga uso, na panga lake mwenyewe, alilolinoa asubuhi ile, likaingia chini ya kiwiko likaenda mpaka mfupa. Mkono ukaning'inia. Damu haikuchuruzika, iliruka, ikayapiga majani ya matete, ikamwingia Jedida mdomoni.

Akatema. Akashika fremu ya mbao kwa mikono miwili akampiga nayo Jaafar mgongoni kwa nguvu zake zote, fremu ikavunjika vipande viwili. Jaafar hakugeuka hata kumtazama. Alimrushia kiwiko tu, kikampasua mdomo na kumvunja jino. Jedida alianguka chali. Alipoinuka, Mwambire alikuwa akitambaa kuingia kwenye matete, ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga, na Jaafar yuko nyuma yake anafyeka matete na mtu pamoja. Pigo moja likakosa. La pili likamchana Mwambire mgongo.

"Muuaji! Ulisema utamlaza!" Sasa Jaafar alikuwa analia. "Ulisema, na umemlaza!"

Jedida alimrukia miguuni. Akaikumbatia, akamng'ata paja mpaka akahisi nyama inaachia. Jaafar akampiga ngumi kichwani, moja, nyingine, na yeye hakuachia, maana alijua kwamba akiachia Mwambire hatafika jioni.

Ndipo kikoi cheupe kilipokaa kitako.

"Kelele gani hizi?" kikauliza.

Jaafar aligeuka. Panga lilibaki juu. Kikoi kikateremka, na uso wa Muhidin ukatokea, umevimba kwa usingizi, na alama za mchanga shavuni.

"Kaka Jaafar? Una nini wewe?"

Jaafar alilionyesha tete kwa kidole. "Wamekukatia... wamekukatia chenezo."

Muhidin akatazama chini. Tete lilikuwa bado ubavuni mwake, limekatwa sawa na utosi. Alilirusha mbali kwa mateke, kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. "Mama Easter! Umenipima? Umenipima nami ni mzima?"

"Nilihitaji urefu wako. Tepu imezama. Muhidin, njoo unisaidie, huyu mtu anakufa!"

Panga lilimtoka Jaafar lenyewe. Alikaa chini kwenye tope, akitazama mikono yake. Jambo lingekwisha hapo kama aliyekatwa angekuwa mti. Lakini Mwambire alitokea kwenye matete kwa magoti, macho mekundu, akaliokota panga kwa mkono wa kushoto, akamtia Jaafar pigo la bega. Mkono wa kushoto hauna shabaha, ila ulikuwa na hasira ya kutosha. Nyama ya bega ikafunuka. Akalinyanyua tena. Muhidin akamdaka kiunoni, wakaanguka wote, na kila Mwambire alipojipapatua, damu ilipiga mchanga.

Jedida akamkalia kifuani.

"Niache, mama! Nimmalize!"

"Utajimaliza mwenyewe. Kila ukirusha teke unamwaga debe. Tulia!"

"Amenikata mkono! Mkono wa kazi!"

"Nimeona. Tulia au nikupige na mimi."

Alivua kamba ya katani iliyokuwa imefunga fremu, akaizungusha juu ya kiwiko, akaikaza kwa kipande cha mbao. Damu ilikuwa nyingi mno. Kamba iliteleza, ikalegea, ikateleza tena. Alijaribu kubana kwa vidole vyake mwenyewe. Vilichoka, vikaachia. Muhidin alihitajika kwenye upondo. Jedida akamtazama Jaafar, aliyevuta nyavu tangu utoto, mwenye viganja kama makasia.

"Wewe. Njoo hapa."

Jaafar hakusogea.

"Njoo hapa, nimesema! Shika hapa, juu ya kiwiko. Kaza. Kaza kama umeshika papa. Ukiachia, amekufa, na wewe utanyongwa, na mama yako azike wawili mwaka mmoja."

Jaafar akashika. Mwambire alimtemea mate usoni. Jaafar akafumba macho, akakaza, na damu ikasimama.

Wakawatia hivyo hivyo mtumbwini, mmoja amemkumbatia mwenzake kwa nyuma, bega la Jaafar linamwagikia kifuani mwa Mwambire. Muhidin akapiga upondo huku akilia kwa sauti bila kuona haya. Katikati ya mkondo Mwambire akapata nguvu kidogo, akageuza shingo, akamng'ata Jaafar sikio. Alilitafuna. Jaafar aliguna, machozi yakamtoka, lakini vidole havikufunguka.

"Mwache ang'ate," Jedida alisema. "Anayeng'ata yuko hai."

Pikapu ilikuwa barabarani. Jedida aliendesha kama aliyeiba gari, mdomo wake mwenyewe ukidondosha damu kwenye usukani, na nyuma wale watatu wakirushwa kwenye bati. Kabla ya kufika darajani palikuwa na kituo cha wakataji, mafungu ya matete yamepangwa huku na huku, na lori la hoteli limeziba njia likipakia. Ikabidi asimame.

Wakataji wakachungulia nyuma. Walimwona Mwambire, damu tupu, shingo imelegea, katika mikono ya Jaafar.

Lewa, shemeji wa Mwambire, hakuuliza swali. Alichukua mti wa kupakilia akampiga Jaafar kichwani. Wengine wakapanda magurudumu. Jiwe likaingia kioo cha mbele, likamwaga vigae mapajani mwa Jedida. Muhidin alivutwa kwa mguu akatupwa chini, wakamkanyaga.

Jedida alishuka na mpini wa jeki. Hakuupeleka kwa mtu. Aliupiga kwenye bati la pikapu mpaka masikio yakauma.

"Lewa! Tazama mikono yake! Imeshika nini? Tazama!"

Lewa alikuwa ameinua mti tena. Jaafar alikuwa ameinamisha kichwa, damu inamwingia machoni. Hakuna mtu asiyejikinga akipigwa. Mikono huinuka yenyewe kabla ya akili. Yake haikuinuka. Ilikuwa kwenye mkono wa Mwambire, myeupe kwa kukaza.

"Akijikinga, shemeji yako amekwisha," Jedida alisema. "Mpige basi. Mpige tena, aachie, kisha ukamweleze Mbeyu kwamba umemwua mume wake kwa kumpigania."

Mti ulibaki juu. Lewa alimtazama Jaafar, akavitazama vidole vyake. Akaushusha, ila hakuuangusha hewani. Aliushusha mgongoni mwa Jaafar, pigo moja la mwisho ambalo hakuweza kulizuia, na Jaafar akapiga yowe, na mikono haikuachia.

"Ondoeni lori," Lewa akasema. Kisha akapiga kelele, "Ondoeni lori, mbwa ninyi!"

Akamwokota Muhidin akampakia, naye akapanda nyuma, wakavuka daraja.

Hospitali ya Malindi walimpokea Mwambire mlangoni. Wauguzi walitaka kumwondoa Jaafar, na vidole vyake vikakataa. Havikuwa vyake tena. Iliwabidi wavifungue kimoja kimoja, kama wanavyofungua mikono ya waliozama. Kisha mlango ukafungwa, wakabaki kwenye benchi: Jedida na jino lake, Jaafar na bega lililofungwa kitambaa, Muhidin na mbavu zake. Lewa alisimama mbali nao. Askari aliitwa, akaja akasimama karibu na Jaafar, ambaye hakuwa na dalili ya kwenda popote.

Daktari alipotoka alikuwa na damu mpaka kwenye viatu.

"Roho ipo," alisema. "Mkono hapana."

"Ataishi?" Jedida aliuliza.

"Nimesema roho ipo, mama. Ataishi. Mkono tumeuondoa."

Muhidin akasema alhamdulillahi, kisha akaona aibu kuisema. Jaafar aliegemeza kichwa ukutani. Wakangoja hapo mpaka Mbeyu alipofika.

Mbeyu, mke wa Mwambire, alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, amekuja mbio kutoka kituo cha basi. Lewa alimwambia neno moja kwa Kigiriama. Mbeyu aliwatazama wale wa kwenye benchi.

"Ni nani?"

Jaafar akasimama. "Ni mimi."

Mbeyu akavua kiatu chake cha mpira wa gari, akampiga nacho usoni. Akampiga shavu hili, akampiga na la pili, akampiga sikio lililotafunwa, likafunguka upya. "Mulume wangu! Mulume wangu!" kila pigo na neno lake. Askari akasogea, na Jedida akamwekea mkono kifuani akamwambia, "Ngoja." Jaafar alisimama wima akapigwa mpaka Mbeyu mwenyewe akaishiwa pumzi.

"Kwa nini?" Mbeyu alihema. "Amekufanya nini?"

"Nilidhani amemwua ndugu yangu."

"Nani alikudhanisha hivyo? Ndugu yako si huyu hapa?"

Jaafar alitazama sakafu. Angeweza kusema. Muhidin naye angeweza kusema, na alimtazama Jedida, kisha akatazama pembeni.

"Ni mimi," Jedida akasema, akasimama. "Nilimpima Muhidin amelala. Mume wako aliniambia tumwamshe. Nikamwambia akate."

Mbeyu akamgeukia. Kiatu kilikuwa bado mkononi.

Jedida akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.